Sikio Juu ya Bakuli

Shangazi hakula kitu cha bakulini kabla ya kukiinamia sikio. Iwe supu, iwe maharage, iwe hata chai iliyomiminwa kwenye kikombe kipana, alilaza shingo upande wa kulia, akatulia kama mtu anayenong'onezwa siri, kisha ndipo akachukua kijiko. Kwenye harusi za watu aliwatia ndugu zake haya. Shemeji yake mmoja alipenda kumuuliza supu imemwambia nini leo, naye alimjibu bila kuinua kichwa kwamba imemwambia shemeji ameshapakua mara tatu. Watu walivunjika mbavu, na yeye akaendelea kula taratibu, kama mtu aliyekwisha kupata habari zake.

Tabia hiyo aliitoa kazini. Alifanya kazi katika kiwanda cha bisi za mchele, zile punje nyepesi zilizofura ambazo watoto huzila asubuhi kwa maziwa baridi kabla ya kukimbilia shule. Aliingia pale akiwa msichana wa kufagia, akapanda hadi mashine ya kufunga mifuko, na mwisho akawekwa kwenye meza ya kuonja. Hicho kilikuwa chumba kidogo chenye kuta nene, kilichotengwa na kelele za matanuri, na ndani yake wanawake wachache wenye kofia za karatasi walikaa kila mmoja na bakuli lake jeupe na jagi la maziwa. Bisi zilizotoka tanurini ziliachwa zipoe, zikatiwa bakulini, zikamiminiwa maziwa, na wote wakanyamaza na kuinama. Bisi nzuri zikikutana na maziwa hutatarika, mlio mdogo kama mvua inayoanza kwenye bati la nyumba ya mbali. Zilizoingiwa na unyevu hazisemi neno. Wanawake wa mezani walisema hizo zimelala, na zilizolala hazikutoka kiwandani.

Mashine ya kupima unyevu ilikuwapo, na haikuwa ikikosea. Lakini wenye kiwanda walishikilia kwamba mzazi hanunui unyevu, ananunua mlio, na kwa hiyo lazima pawepo sikio la mtu. Sikio lililoaminika kuliko yote lilikuwa la Shangazi. Wenzake walimwita Mama Sikio.

Watoto hakujaliwa. Mume alikuwa naye zamani, dereva wa malori, akaenda safari moja ambayo hakurudi, na Shangazi akiulizwa habari zake alisema bado yuko njiani, barabara ni mbovu. Mwanawe kwa kila hali alikuwa binti wa kaka yake. Binti huyo alikaa kwake miaka yote ya chuo, akalala kwenye kitanda cha dirishani, akajifunza kuchora ramani za majengo juu ya meza ileile waliyolia chakula, huku Shangazi akipita nyuma yake kwa kunyata asije akamtikisa mkono. Baadaye aliolewa na fundi wa lifti, akazaa mtoto wa kike mwembamba mwenye kichwa cha mviringo. Babake akamwita Njugu. Jina la kwenye cheti likasahaulika, na yule binti mwenyewe akawa Mama Njugu kwa watu wote, hata ofisini.

Njugu alitembea mapema, akacheka mapema, ila hakusema. Alipokaribia miaka minne bado maneno yake yalikuwa vipande tu, "ma" na "ta", na sauti moja ya puani aliyoitumia kwa maji, kwa mpira na kwa paka wa jirani. Akitaka kitu alimshika mtu kidole akampeleka. Babake, ambaye kazi ilimzungusha mji hadi mji akining'inia kwenye mashimo ya lifti, alisema mtoto asisumbuliwe, hata yeye alichelewa kusema na sasa mdomo haumfungi. Jirani wa chini alisema ni uvivu. Watoto wa uani, ambao hawana simile, walimwita Bubu, na kila walipomwita Njugu aliwakimbilia akitabasamu, maana aliona midomo yao imeelekea kwake.

Mwalimu wa chekechea ndiye aliyelisema jambo lenyewe. Jioni moja alimvuta Mama Njugu pembeni, karibu na ndoano za mikoba ya watoto, akamwambia kwa upole kwamba Njugu akiitwa kwa nyuma haitiki, na kwamba ingefaa masikio yake yapimwe. Mama Njugu alishukuru vizuri, akamvalisha mtoto viatu, akaaga. Alipofika nje ya lango akashika ukuta. Halikuwa jambo geni kwake. Kwa muda mrefu alikuwa amelijua na kukataa kulitamka, hata kimoyomoyo. Alikuwa ameshagonga mifuniko ya sufuria nyuma ya mgongo wa mtoto mara nyingi. Kuna siku aligeuka, na roho ya mama ikatulia hadi kesho yake. Kuna siku hakugeuka, na mama akajiambia amezama mchezoni. Mchana ofisini alichora kuta na milango, kila mstari mahali pake, na jioni alirudi kwenye swali lile lisilokuwa na pa kuanzia wala pa kuishia.

Aliomba nafasi kwa daktari wa masikio katika hospitali kubwa, akapewa siku iliyokuwa mbali. Hakutaka ifike, wala hakutaka isifike.

Jumamosi moja kabla ya siku hiyo, Shangazi akaja. Alikuja karibu kila Jumamosi na mfuko wa maboksi yaliyobonyea kona, ambayo madukani hayakutakiwa na kiwanda kikawagawia wafanyakazi. Alifungua boksi moja, akajipakulia yeye na mtoto, akamimina maziwa, akalaza shingo. Njugu, aliyekaa mkabala naye, alimtazama kwa makini. Kisha naye akainamisha kichwa juu ya bakuli lake, sikio likikaribia kugusa maziwa, akatulia, akacheka. Kilikuwa kicheko kizima, cha kutoka tumboni.

Shangazi aliweka kijiko chini. Akamimina maziwa zaidi, akainama tena, na Njugu akainama tena, akacheka tena.

"Mwanangu, acha vyombo uje huku," aliita. "Huyu anasikia."

Mama Njugu alitoka jikoni mikono ikiwa na povu. Alitazama mara ya tatu na ya nne, kichwa kile cha mviringo kikishuka na kicheko kikipanda. Shangazi alimweleza kwa uhakika wa mtu anayezungumzia fani yake: mlio wa bisi ni mdogo kuliko mnong'ono, hata msimamizi wao kazini hausikii mpaka avue kofia, na masikio yanayousikia huo hayana kitu yasichokisikia duniani. Mtoto huyu atasema akipenda. Labda hajaona la kusema.

Mama Njugu alikaa chini pale pale, kwenye sakafu ya sebuleni, akalia kama aliyeachwa na homa. Mumewe alipigiwa simu akiwa ndani ya shimo la lifti, naye akapaza sauti ikarudi kwa mwangwi kwamba si alisema. Jirani wa chini akaambiwa, mwalimu wa chekechea akaambiwa. Tangu hapo kila asubuhi ilianza kwa bakuli: maziwa, kichwa, kicheko, na mama akipiga makofi na kumbusu mtoto utosini. Siku ya hospitali ilipokaribia, Mama Njugu alipiga simu akaomba nafasi ile apewe mtoto mwingine mwenye shida zaidi. Alipokata simu alijiona ametenda wema.

Miezi ikapita. Njugu hakuongeza neno. Mama yake alijifunza kutoliwaza jambo hilo, kama mtu anavyojifunza kutolikanyaga jiwe moja la ngazi lililolegea.

Mvua zikaanza, zile za kuloweza hata chumvi kwenye kopo. Boksi moja la bisi lilisahauliwa wazi juu ya friji. Jumamosi, jua lilipochungulia, Mama Njugu alipanda na beseni la nguo juu ya paa la jengo, akamwacha Shangazi na mtoto wakinywa chai. Alikuwa hajamaliza kuanika alipozisikia kandambili za Shangazi kwenye ngazi, zikipanda taratibu kuliko kawaida. Shangazi alifika amemshika mtoto mkono. Akamwachia Njugu acheze na vibanio, akashika ncha ya shuka, wakalikamua pamoja, wakalitundika. Akaanika foronya. Akachukua soksi moja ndogo ya mtoto akaibana kwa vibanio vitatu, kimoja juu ya kingine, na hapo Mama Njugu akajua kuna jambo.

"Nimekosea, mwanangu," Shangazi akasema. "Njugu hasikii bakuli. Ananiiga mimi."

Alieleza akiwa ameikazia macho soksi. Alizipakua zile bisi za juu ya friji bila kuzitazama, akamimina maziwa, akainama, na bakuli halikusema kitu. Zilikuwa zimelala fofofo. Alikuwa ananyanyua bakuli akazimwage, lakini mtoto akawa ameshainama juu ya la kwake, ametulia kidogo, amecheka kicheko kilekile. Kisha akainua macho kumtazama Shangazi, aone kama amefurahi.

Mama Njugu aliisikia damu ikimpanda usoni. "Ulisema hii ndiyo kazi yako."

"Kazi yangu ni kusikiliza bisi," Shangazi akajibu. "Mtoto sikumsikiliza."

Kama angeinyamazia hasira yake hapo, yangekwisha. Hakuinyamazia. Alimwambia Shangazi kwamba amempotezea mtoto miezi, kwamba alimwamini kuliko mwalimu, kuliko moyo wake mwenyewe, na mwisho akamwambia kwamba mtu ambaye hakuzaa hawezi kujua. Neno hilo lilipomtoka alitamani kulimeza. Shangazi aliiachia ile soksi. Aliinama akachukua shati lililofuata, akalikung'uta, akalianika.

Mama Njugu alimbeba mtoto akateremka. Jikoni alimpakulia bisi za juu ya friji kwa mkono wake mwenyewe, akamimina maziwa, akaweka sikio lake. Kimya kabisa. Njugu akainama, akacheka, akainua macho. Alikuwa akisubiri makofi. Ndipo mama yake alipoelewa walichokuwa wakifanya asubuhi zote zile. Mtoto huyu alikuwa amegundua kwamba kichwa kikiinama juu ya bakuli watu wazima wanafurahi, akawafurahisha kila siku bila kuchoka, kama mwenyeji mwema anavyowatunza wageni.

Alipiga makofi. Angefanya nini?

Wiki iliyofuata alipiga simu hospitali, akaambiwa nafasi yake ilishakwenda kwa mwingine kama alivyoomba, sasa arudi nyuma ya foleni. Siku ile hakuwa na nguvu ya kubishana. Habari zikamfikia Shangazi. Aliomba likizo kwenye meza ya kuonja, likizo ambayo hakuwahi kuiomba hata alipofiwa, akajitanda khanga, akaenda kukaa kwenye benchi mbele ya dirisha la mapokezi ya masikio. Kesho yake akarudi, na keshokutwa. Msichana wa mapokezi alimvumilia mwanzoni, kisha akashindwa.

"Mama, kwani wewe unaumwa nini?"

"Mimi siumwi, mwanangu. Nasubiri mtoto wa mtu asije."

Msichana alicheka bila kutaka. Siku mgonjwa mmoja alipokosa kuja, kabla msichana hajaita jina jingine lolote, alimtazama yule mama wa benchini, na Shangazi alikuwa ameshasimama na simu sikioni akimwita Mama Njugu aache kalamu aje mbio.

Chumba cha kupimia kilikuwa kidogo, chenye kuta zilizovikwa sifongo nene. Shangazi aliipapasa ile sifongo akasema kwa sauti ya chini kwamba chumba hiki anakijua, kinakosa maziwa tu. Njugu alikaa mapajani mwa mama yake, akavalishwa vipokea sauti vikubwa vilivyomfanya afanane na rubani, akapewa kikapu na vipande vya mbao vya rangi. Mpimaji, mwanamke kijana mwenye miwani, alimwonyesha kwa mikono: ukisikia sauti, tupa kimoja kikapuni.

Njugu alitupa cha kwanza. Akatupa cha pili, na cha tatu. Mama Njugu alihisi moyo ukimpanda, tumaini lilelile la zamani, akaliogopa.

Mpimaji akatabasamu. Alisema huyu ni mjanja, anamsoma usoni. Akakizungusha kiti chake akawapa mgongo.

Kipande cha njano kilibaki mkononi mwa mtoto. Mpimaji aligusa vitufe vya mashine yake kimoja baada ya kingine, na kipande hakikutoka. Njugu alitazama mgongo wa mpimaji, akamgeukia mama, akamgeukia Shangazi, akitafuta uso wa kumwambia afanye nini. Shangazi alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya khanga. Mama alijikaza, akautuliza uso wake usiseme kitu, na katika maisha yake yote hakuwahi kufanya kazi ngumu kama hiyo. Sauti ikapandishwa, ikapandishwa tena. Ilipofika juu sana, Njugu alishtuka kidogo, na kipande cha njano kikaanguka kikapuni.

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye taa kwenye paji la uso. Alichungulia sikio moja, akachungulia la pili, akaitazama karatasi ya mpimaji, kisha akachora sikio nyuma ya bahasha. Mama Njugu, ambaye kuchora ndiyo kazi yake, aliufuata mstari ule kwa macho asije akakosa kitu. Hapa ndipo ilipo ngoma ya sikio, daktari alisema, na nyuma ya ngoma panatakiwa kuwa na hewa. Kwa mtoto huyu pamejaa majimaji mazito kama gundi, pande zote mbili. Sauti zinamfikia kama zinavyomfikia mtu aliyezama majini. Siku nyingine yanapungua, siku nyingine yanazidi, na Mama Njugu akaikumbuka mifuniko ya sufuria. Watoto wengi hupatwa na hali hii, daktari aliendelea, ila ya huyu imekaa sana. Mshipa wenyewe wa kusikia ni mzima. Watatoboa kitundu, watayanyonya maji, wataweka mrija mdogo kuliko punje ya mchele. Itakuwa kazi fupi, na jioni mtoto atalala kwao. Atasikia.

Shangazi akasogea mbele kitini.

"Daktari," Shangazi akasema, "hilo la mwisho lirudie."

"Lipi, mama?"

"Hilo la mwisho."

"Atasikia."

"Haya," Shangazi akasema, akashusha pumzi ndefu. "Mara ya kwanza nilisema mimi. Nilitaka nilisikie kwa anayejua."

Nje, kwenye korido yenye harufu ya dawa ya sakafu, Mama Njugu aliegemea ukuta akacheka, na kicheko kikageuka machozi, na machozi yakarudi kuwa kicheko, hata mfagiaji akasimamisha fagio lake kumtazama. Kwa muda mrefu alikuwa amebeba mzigo aliouzoea kiasi cha kuudhani ni sehemu ya mwili wake, na sasa mabega yalikuwa mepesi mpaka yakamtia kizunguzungu. Alimshika Shangazi mkono, akamwomba radhi kwa lile neno la juu ya paa. Alilitamka lote, hakulizunguka.

Shangazi alimsikiliza hadi mwisho. "Ulikuwa na hasira, na hasira ilikuwa yako. Twende, mtoto ana njaa."

Siku ya kutobolewa, fundi wa lifti alisafiri alfajiri akafika na grisi bado kwenye kucha. Walikaa watatu kwenye benchi, yeye akiongea bila kupumua, Mama Njugu akikunja na kukunjua kisweta cha mtoto, Shangazi akimwambia fundi apunguze maneno, mengine amwachie binti yake. Njugu alipoletwa alikuwa bado na usingizi mzito. Muuguzi aliyekuwa akipanga vifaa kwenye meza ya mlangoni aliteleza mkono, na sinia la chuma likaanguka sakafuni.

Njugu aliruka kitandani kama aliyemwagiwa maji. Akafumbua macho, akatazama mlangoni, palepale sauti ilipotoka, akaangua kilio.

Muuguzi aliomba radhi, akaomba tena, akainama kuliokota sinia. Hakuelewa kwa nini watu hawa watatu wanalia na kumshukuru, wala kwa nini yule mama mzee anamsihi aliangushe tena kidogo.

Nyumbani dunia ilikuwa imejaa makelele. Njugu aliziba masikio bomba lilipofunguliwa, na mfuko wa nailoni ulimfukuza jikoni. Alisimama uani akimtazama paka wa jirani kwa mshangao, maana kumbe paka anasema. Jumamosi Shangazi akaja na boksi zima, lisilobonyea popote, alilolipata kwa kumbembeleza msimamizi. Aliketi mkabala na mtoto kama siku ile, akamimina maziwa, akainama. Njugu naye akainama kama alivyozoea.

Hakucheka. Alikitoa kichwa haraka, akalitazama bakuli, akakirudisha polepole, akakitoa tena. Kisha akalisukuma bakuli kwa mikono yote miwili hadi upande wa Shangazi, akaonyesha mkate.

Shangazi alimtazama mtoto, akalitazama bakuli. "Maisha yangu yote nimehangaika zilie," akasema. "Huyu anazikataa kwa sababu zinalia."

Walicheka wote hadi Shangazi akashika mbavu. Kwa majuma mengi Njugu alikula mkate. Baadaye alijitungia njia yake: alisubiri, mikono mapajani, hadi bakuli linyamaze kabisa na bisi zilainike kama uji, ndipo akala. Shangazi aliona ni tusi kwa taaluma yake, akalipeleka tusi hilo kwenye meza ya kuonja, na wanawake wenye kofia za karatasi wakashindwa kufanya kazi asubuhi nzima kwa kicheko.

Maneno yalikuja kwanza kwa matone. Neno la kwanza lililokamilika lilikuwa "sitaki", na Mama Njugu, aliyelisubiri kwa muda mrefu kuliko alivyoweza kumweleza mtu, aliliruhusu litumike kwa kila kitu: kuoga, kulala, kofia, viazi. Kulikuwa na mwalimu wa kumfundisha kutamka, aliyemketisha mbele ya kioo na kupuliza vipande vya karatasi naye. Baada ya hapo ukawa mfereji uliozibuliwa. Njugu aliuliza kwa nini lifti haichoki. Aliwachongea watoto wa uani kwa mama zao, jina kwa jina, hata waliomwita Bubu wakaja kulalamika kwamba huyu sasa amezidi. Mama yake aliwapa pole, akafunga mlango, akatabasamu peke yake.

Haikuwa kwamba kila kitu kilifutika. Kuna alfajiri alizoamka akiiwaza ile miezi, mtoto akiwa kimya chini ya maji yake na wao wakipiga makofi. Wazo hilo halikumwachia kabisa. Lakini kila lilipokuja lilikatizwa na sauti kutoka chumba cha pili, ikidai maji, ikidai hadithi, ikieleza ndoto ndefu isiyo na kichwa wala miguu, naye akainuka kwenda kuisikiliza akiwa ameshasahau nusu ya alichokuwa akiwaza.

Shangazi alistaafu Njugu alipokuwa darasa la pili. Wenzake walimpa saa ya ukutani na bakuli jeupe, akahamia kwa dada yake katika mji mdogo, nyumba yenye kiwanja cha kufugia kuku. Mama Njugu alimpigia simu kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Alikuwa na desturi ya kumuuliza mambo yote kwa mpangilio: goti, dawa, paa linalovuja, kama amelala vizuri, kama dada anampikia visivyo na chumvi. Shangazi alijibu la kwanza kwa subira, la pili kwa ufupi, na kufika la tatu alikuwa ameshachoka. Aliyekuwa akimsubiri alikuwa Njugu, ambaye akishika simu hakuiachia: jino lililong'oka, mwalimu aliyekosea hesabu, rafiki aliyekuwa adui na sasa ni rafiki tena. Mama yake akiwa anaosha vyombo alikisikia kicheko cha Shangazi kikivuja kutoka kwenye simu hadi jikoni.

Shangazi alikufa usingizini, siku ya katikati ya juma. Dada yake alisema jioni yake alikula vizuri, akalalamikia kuku mmoja, akaenda kulala. Fundi wa lifti ndiye aliyeipokea simu hiyo, na kwa mara ya kwanza tangu waoane Mama Njugu alimwona hana la kusema.

Baada ya maziko alijaribu kukumbuka waliagana vipi. Mtu hutamani maneno ya mwisho yawe na uzito, yawe yamejua kwamba ni ya mwisho, naye aliyatafuta hivyo kwa siku kadhaa, akiyapitia mazungumzo ya miaka mizima. Kisha akayapata, na alipoyapata akakaa kwenye kiti cha jikoni akacheka huku machozi yakimtoka. Ilikuwa Jumapili iliyotangulia. Alikuwa amemuuliza goti, akaambiwa lipo. Akamuuliza dawa, akaambiwa zimenyweka. Alikuwa anaanza habari za paa, na nyuma yake Njugu alikuwa ameshaanza kusimulia kabla hajapewa simu, kwa sauti iliyofika hadi huko mji mdogo, Shangazi alipomkata maneno.

"Hilo paa liache," alisema. "Hebu mpe simu huyo mwenye habari, wewe huna."